Mzee wa Karachi na kijana wa Lahore wamegombana kwa neno "wakati". Kiurdu kinaharibika au kinabadilika tu?

#1 Msafiri wa Ruwi

Wakuu, salaam.

Niko Muscat mwaka wa sita sasa, duka la vipuri vya magari pale Ruwi. Kiurdu sikukisoma darasani, nimekiokota kaunta: kwanza bei, kisha majina ya vipuri, kisha matusi, halafu mengine yakaja yenyewe. Mwalimu wangu mkubwa ni kijana wa Lahore tunayepanga naye mzigo.

Juzi kaja mzee mmoja, mteja wetu wa siku zote, alitaka pampu ya maji. Kazaliwa Karachi, ila wazazi wake walihamia pale kutoka Lucknow mwaka 1947, India ilipogawanywa. Nikamwomba asubiri, nikatumia neno "vakat", yaani wakati. Mzee akavua miwani. Vakat ndiyo nini? Ni waqt! Akanionyesha kwa kidole kwamba ile q inatoka ndani huku karibu na kimio, na hakuna irabu yoyote kati ya q na t. Nikajaribu mara tatu. Ya nne nikakohoa.

Kijana akadakia kuwa nchi nzima inasema hivyo. Mzee akamjibu, ndiyo maana nchi nzima haina lugha. Kijana naye: na wewe mzee, ile herufi ya Kiarabu, ain, ya "maalum" mbona huitoi kooni kama wenyeji wa hapa? Mzee hakujibu. Alilipa, akabeba pampu yake, akaondoka.

Nauliza wajuvi: nani yuko sahihi? Na miaka 200 iliyopita walikuwa wanatamkaje?

#2 Pakua Chakula

Naweka kambi hapa. Ngoja waje.

#3 Mtoto wa Kisauni

Jibu ni fupi: Wapunjabi.

Sensa ya Pakistan ya 2017 ilionyesha waliotaja Kiurdu kuwa lugha yao ya mama ni kama asilimia 7 tu. Ya 2023 ikaonyesha asilimia 9 na kitu. Waliobaki wote wamekikuta shuleni, redioni au sokoni, na kundi kubwa kati yao ni Wapunjabi. Kipunjabi cha kawaida hakina q, basi wanaweka k. Tena hakipendi konsonanti mbili zigongane mwisho wa neno, basi waqt ikawa vakat, sabr ikawa sabar, fikr ikawa fikar.

Hata neno la skuli. Mpunjabi asema "sakul", mtu wa Karachi mwenye asili ya Uttar Pradesh, jimbo la India lenye hiyo Lucknow, asema "iskul". Walisikia neno lile lile kwa Mwingereza, mmoja katia irabu katikati, mwenzake katia mbele. Ukisikia neno hilo moja, huna haja ya kumuuliza mtu kwao wapi.

#4 Fundi Saa

Kisauni, umeanza vizuri ukaishia pabaya.

Kwanza, sisi tumefanya yale yale ya kijana wa Lahore: waqt tukaita wakati, sabr tukaita subira, fikr tukaita fikira. Mzee akisikia Kiswahili atavua miwani asiivae tena.

Pili, k badala ya q utaikuta Delhi, Mumbai, hata hiyo Lucknow, kwa watu wasiojua Kipunjabi hata salamu. Waurdu wana msemo wa kumsifu mtu mwenye matamshi safi: wanasema shin na qaf zake ziko sawa. Jambo likishakuwa msemo, ujue wasioliweza walikuwa wengi tangu zamani.

Tatu, kijana naye kakosea kwenye ain. Kiurdu hakijapoteza ain. Mdomoni mwa watu wa kawaida haikuwahi kuwemo. Maneno ya Kiarabu yalifika India yakiwa mgongoni mwa Kiajemi, na Waajemi walikuwa wameshayalainisha njiani. Ndiyo maana Kiurdu kina herufi nne, zal, ze, zad na zoe, zote zinatamkwa z. Tatu zinatamkwa s. Mbili zinatamkwa t. Mtoto wa Kipakistani akipewa imla ni kama kapewa adhabu.

Sisi tulipokea kwa Waarabu wenyewe, tukabaki na dh na th. Sisi kadhi, wao qazi. Sisi adhana, wao azan. Sisi hadithi, wao hadis. Sisi thawabu, wao sawab.

#5 Mama Nasra

Jamani mie! Kumbe jirani yetu wa Mkunazini aloitwa Ramzan na babu yangu Ramadhani ni jina moja? Miaka yote nikidhani lile la Kihindi. Basi na Fazil ndio Fadhil, Raza ndio Ridha, Riaz ndio Riyadh. Asante Fundi, leo nimelala na faida.

#6 Dawa ya Moto

Sisi wa bara tukisema zambi, zahabu na selasini mnatucheka. Leo imejulikana tunaongea Kiurdu fasaha. Heshima yetu mtupe.

#7 Mama Nasra

Dawa ya Moto, wewe si ndie uliyetaka kitu cha "samani" ukaletewa makochi?

#8 Dawa ya Moto

Hahaha. Na nikayalipia.

#9 Chuma cha Pua

Nauliza kama mjinga. Miaka 200 nyuma hakukuwa na kinasa sauti. Nani alisikia? Isije ikawa tunapewa chai hapa.

#10 Bwana Lafudhi

Chuma, hilo ndilo swali la maana kuliko yote kwenye uzi huu. Jina langu humu nililichagua kwa sababu hiyo hiyo: Waurdu matamshi huyaita talaffuz, sisi twasema lafudhi, mzizi mmoja. Nao kwa z, sisi kwa dh, kama Fundi alivyosema.

Tahajia inasema mengi. Ndoto kwa Kiurdu ni "khab", lakini imeandikwa khwab, ina waw katikati ambayo hakuna anayeisoma. Haikuwekwa kwa urembo. Zamani, kwenye Kiajemi, ilitamkwa khw kweli. Mdomo ukahama, kalamu ikabaki pale pale. Maneno ya "furaha" na "mwenyewe", khush na khud, yamebeba waw ya namna hiyo hiyo.

Jirani naye anasema. Kiajemi kilichoingia India kilikuwa na e ndefu na o ndefu. Huko Iran baadaye zikamezwa na i na u. Leo Tehran simba ni shir na maziwa ni shir, utajijua mwenyewe kama unakunywa au unakimbia. Kiurdu kimebaki na viwili: sher ni simba, shir ni maziwa. Rafiki ni dost kwa Kiurdu, dust kwa Tehran. Siku ni roz, kwao ruz. Kwa hiyo wanaosema Kiurdu ni Kiajemi kilichoharibika wamegeuza kanzu: hapo Kiurdu ndicho kilichotunza cha kale, pamoja na Waafghani.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa mashairi. Sisi tunahesabu mizani, nane kwa nane, silabi ni silabi. Ghazal, shairi la mapenzi la Kiurdu, haihesabu hivyo, inapima uzito: silabi nzito, silabi nyepesi, kwa mpangilio maalum. Chukua neno la mji, shahr. Kwa Mir na Ghalib, washairi wakubwa wa zamani, linapimwa nzito kisha nyepesi, maana lilikuwa shah-r, limefungwa. Mtu wa leo anasema sheher, silabi mbili, nyepesi kisha nzito. Ukiimba beti la Ghalib kwa kinywa cha leo, linachechemea. Mizani inakuambia mshairi alisikia nini, au walau alipenda lisikike vipi.

Na kama unataka sauti yenyewe: mwimbaji Gauhar Jaan alirekodiwa Calcutta mwaka 1902. Halafu kati ya 1913 na 1929 kazi ya Grierson ya kuorodhesha lugha za India ilinasa kwenye gramafoni lahaja nyingi sana, nyingi zikisimulia kisa cha mwana mpotevu wa kwenye Injili. Zinasikilizika mtandaoni. Miaka 100 na ushei hiyo, si 200, lakini si chai.

#11 Chuma cha Pua

Nimekubali. Ila hapo ulipojirekebisha "au walau alipenda lisikike vipi" ndipo penyewe. Washairi wetu wanaandika "mtima" ilhali nyumbani wanasema moyo kama sisi. Mshairi si shahidi mwaminifu.

#12 Bwana Lafudhi

Umenikamata. Neno "tarah", yaani namna, mabwana wale wale walilipima kwa njia mbili, mara tarh mara tarah, kutegemea beti linataka nini. Sasa kipi kilikuwa cha barazani na kipi cha karatasini? Hapo kila mtu ana lake.

#13 Kipepeo wa Tandale

Hilo la sheher linatokea kila penye a fupi kabla ya h. Kusema ni "kahna" kwenye maandishi, mdomoni ni kehna. Dada ni "bahan", mdomoni behen. Kwanza, "pahle", mdomoni pehle. Na lahja, ambayo sisi ni lahaja, wao wanasema lehja. Hakuna mzee wa Lucknow wala kijana wa Lahore anayelalamikia hili, maana wote wawili wameshahama. Kelele zote ziko kwa q kwa sababu q imegawanya watu. Mabadiliko yaliyompata kila mtu hayana wa kuyalilia.

#14 Mtoto wa Kisauni

Nimerudi. Fundi kanikalia kooni lakini nabaki na langu: kabla ya 1947 waliokuwa wakihukumu Kiurdu kizuri walikuwa Delhi na Lucknow. Baada ya hapo redio, jeshi, ofisi, na kuanzia 1964 televisheni ya taifa iliyoanzia Lahore kwenyewe, vikaangukia mikononi mwa watu wengine. k ya mtaani ilikuwepo, sawa. Lakini zamani ilikuwa ya kuchekwa, sasa ni ya kutangazia.

Kando kidogo: hata sisi Kimvita tunapoteza. Marehemu nyanya yangu paa la nyumba na p'aa wa porini aliyatamka mbalimbali, yule wa porini kwa pumzi. Wanangu wasema sawa sawa. Nyumba na mnyama vimekuwa kitu kimoja, kama simba na maziwa ya Tehran.

#15 Pakua Chakula

Sasa huyo paa wa nyumba analiwa?

#16 Mwanachuo wa Zamani

Wadau, nilisoma Hyderabad, ile ya India, miaka minne. Huko ndiko mtamjua q kwa jina lake lingine.

Wenyeji wa kule wanasema kh, kh ya kwaruzo kama ya "kheri" ya watu wa pwani. Karibu, qareeb, wanasema khareeb. Kurubani yao ni khurbani. Majaaliwa, taqdeer, ni takhdeer. Watu wa Delhi wanawatania kila siku, na wenyewe hawajali, wanaona fahari.

Mimi yalinikuta. Mwenye nyumba wangu aliniambia asubuhi Ijumaa anaenda kwenye "khabar" ya baba yake. Khabar najua ni habari. Nikajua mzee wake kapatikana, maana nilidhani alipotea. Nikampongeza kwa furaha zote, nikamshika mkono. Alinitazama muda mrefu sana. Alikuwa anaenda kaburini. Qabr.

#17 Mama Nasra

Ya Rabi. Umempongeza mtu kwa kaburi la baba yake!

#18 Fundi Saa

Mwanachuo, mfano wako unaua nadharia ya Wapunjabi. Hyderabad na Punjab ni mbali kama Mtwara na Juba, na bado q haikusalimika.

Mimi naona hivi: q ni sauti ya kigeni, mtu anaitafuta mdomoni haipati, anachukua ya jirani. Mmoja anaangukia mbele yake, anapata k. Mwingine anateleza, anapata kh. Hakuna aliyeharibu.

#19 Mtoto wa Kisauni

Na kwa nini mji mzima uteleze upande mmoja? Watu laki na laki waangukie kh bila hata mmoja kuangukia k? Hiyo si bahati nasibu.

#20 Mwanachuo wa Zamani

Nilichosikia kule ni maelezo ya namna mbili. Kuna wanaosema Kiurdu cha Dakhni, yaani cha kusini, kilikatika mapema na cha kaskazini. Muhammad bin Tughluq aliwahamishia watu wa Delhi Daulatabad mwaka 1327, wakabaki kusini na lugha yao ikaenda njia yake. Ushairi mkubwa wa kwanza wa lugha hii ni wa huko huko kusini. Wali, aliyefariki 1707, anaandika "kun" na "sun" kwa sauti ya puani pale ambapo leo tunasema "ko" na "se". Kuna wanaosema ni majirani, Kitelugu na Kimarathi. Ila Kitelugu hakina hiyo kh, kwa hiyo hapo mimi huwa nanyamaza.

#21 Dawa ya Moto

Kwani Kiurdu si Kihindi tu kwa herufi za Kiarabu? Mnapoteza muda.

#22 Kipepeo wa Tandale

Dawa, kwa kununua vitunguu ni kimoja. Kwa uzi huu si kimoja, maana tofauti ya sauti ndiyo inayopigiwa kelele. Mhindi wa kijijini anasema jamin, Mwurdu anasema zamin, ardhi. Phaida, khabar ya pumzi, gazal, badala ya zile za kwaruzo.

Lakini sasa njoo kwenye kichekesho. Vijana wa mijini wa India, kwa kuogopa kuonekana washamba wasiojua f, wanaweka f hata pasipo f. "Kisha" ni phir, p yenye pumzi, wanasema fir. Tunda ni phal, wanasema fal. Hayo si maneno ya Kiajemi wala Kiarabu, ni ya kienyeji kabisa, hayajawahi kuwa na f tangu yaumbwe. Na imeshavuka mpaka, wasikilizeni vijana wa tamthilia. Mtu anakimbia kosa moja anagonga jingine, kama yule anayeogopa kuchanganya r na l mpaka anasema "chakura kizuli".

#23 Chuma cha Pua

Nje ya mada: huyo wa chakura kizuli ni mkuu wangu wa kazi. Naomba usimtaje tena.

#24 Kipepeo wa Tandale

Halafu simu. Vijana wanaandika Kiurdu kwa herufi za Kilatini. Chakula ni khana, kh ya pumzi. Chumba au nyumba, kwenye maneno kama "kitab-khana", ni khana nyingine, kh ya kwaruzo. Herufi za Kiurdu zinatofautisha wazi. Kwenye simu zote khana. Mtu akisoma kwenye skrini tangu akiwa na miaka kumi, atajuaje?

#25 Fundi Saa

Simu za juzi tu, Kipepeo. Mwaka 1808 Insha Allah Khan aliandika kitabu cha sarufi ya Kiurdu kwa Kiajemi, na humo tayari anaeleza jinsi kila mtaa wa Delhi na kila kundi linavyosema lake. Hakuwa na simu. Tena yeye ndiye aliyetoa hukumu inayofaa kumpelekea mzee wa Ruwi: neno lolote likishaingia Kiurdu, liwe la Kiarabu, Kiajemi au Kituruki, ni la Kiurdu. Usahihi wake utazamwe kwa Kiurdu, si kwa lilikotoka.

#26 Bwana Lafudhi

Sahihi, lakini Insha huyo huyo hakuwapa haki hiyo watu wote. Kwake Kiurdu ni cha watu fulani wa Delhi, si cha mchukuzi wa sokoni. Alifungua mlango akasimama mwenyewe mlangoni.

Na kuna kisa cha Mir, kimeandikwa na Muhammad Husain Azad mwaka 1880, muda mrefu baada ya Mir kufa, kwa hiyo mkichukue kama kisa. Mir alipokuwa anahamia Lucknow alipanda gari la ng'ombe na abiria mwenzake. Mwenzake akaanzisha mazungumzo, Mir akageuza uso. Alipobanwa, akasema kwa yule mtu ni maongezi tu ya njiani, lakini kwake yeye lugha yake inaharibika. Na Lucknow aliyokuwa anaikejeli ndiyo mzee wetu wa pampu anaikumbuka kama chuo cha matamshi.

#27 Mama Nasra

Huyo Mir angepanda daladala ya Darajani-Amani angekuwa bubu mpaka leo.

#28 Mkimbizi wa Baridi

Salaam kutoka Bradford. Mimi wa Nakuru, mtaa wangu wote ni Wapakistani, wengi asili yao Mirpur, walikuja baada ya bwawa la Mangla kufunika vijiji vyao miaka ya 1960. Nyumbani wanaongea Kipahari. Watoto ukiwauliza wanasema "tunaongea Kiurdu" au "Kipunjabi", hawajui waite nini.

Rafiki wa binti yangu alipelekwa kwa bibi mmoja kufundishwa Kiurdu "cha kweli". Bibi anafundisha kwa kuwachezea sauti za hayati Zia Mohyeddin, yule msomaji aliyefariki 2023, watoto wafuatishe. Sasa yule binti anatamka q kama saa ya ukutani, safi, lakini akimwambia nyanya yake kitu, nyanya haelewi. Anadhani mtoto anaringa.

Kwa hiyo kwenye nyumba moja: nyanya aliyezaliwa huko ana k, mjukuu aliyezaliwa hapa ana q. Nani kabadilika kwenda wapi hapo?

#29 Chuma cha Pua

Hiyo ndiyo post bora ya uzi huu. Kumbe mshale unaweza kurudi.

#30 Mtoto wa Kisauni

Mshale kurudi ni kama Ramzan. Miaka ya nyuma Pakistan nzima ilikuwa Ramzan. Sasa fungua televisheni yao mwezi ukiandama: Ramadan, Ramadan. Na Khuda Hafiz ya kuagana imekuwa Allah Hafiz. (Hafiz, kwetu hifadhi, tena z na dh.) Wengi wanalaumu enzi za Zia ul-Haq, 1977 hadi 1988. Wengine wanasema ni riyali: wafanyakazi waliokwenda Ghuba wakarudi na mizigo na Kiarabu.

#31 Bwana Lafudhi

Naongeza tu kuwa Ramadan wanayosema si ya Kiarabu pia. Wanaweka d ya kawaida, ile ya meno. Mwarabu akiisikia haioni kuwa yake. Wameacha z ya Kiajemi wakafika nusu ya njia. Sisi wenye Ramadhani dh yetu nayo si ile dhad nzito ya Waarabu. Kila mmoja kabeba alichoweza.

#32 Dawa ya Moto

Sisi wa bara tukabeba Ramazani. Nimewaambia, Kiurdu.

#33 Pakua Chakula

Mimi nilikuja nikidhani mtafika kwenye biriani.

#34 Msafiri wa Ruwi

Wakuu, shukrani. Nimesoma yote na nimerudi na matokeo.

Kuhusu Ramzan: nimethibitisha. Mzee anasema Ramzan, kijana wa Lahore anasema Ramadan. Yaani kijana yule yule aliyekataa kuhangaika na q ya mzee ndiye anayejitahidi na d ya Waarabu. Nilipomuuliza akasema hiyo ni dini, ile nyingine ni mbwembwe.

Halafu jana mzee karudi, nikamfungulia kwenye simu moja ya zile rekodi za zamani alizosema Bwana Lafudhi, sauti ya Kihindustani, kisa cha mwana mpotevu. Kijana akasogea. Wakasikiliza wote wawili wameinamisha vichwa. Kijana akasema huyu anaongea kama mzee. Mzee akakasirika, akasema huyu ni mtu wa kijijini, sikiliza anavyoivuta ile "nahin", yaani hapana. Wakairudia mara nne. Mbalochi wetu wa dukani akaja, akasikiliza, akasema anayesoma ni kama ana mafua. Hapo bosi akatutawanya.

#35 Fundi Saa

Mzee amesikia Kiurdu cha miaka 100 akakikataa. Basi.

#36 Mtoto wa Kisauni

Hakukikataa Fundi, alisema si cha mjini. Hujui msomaji alitoka wapi. Usifunge kesi kwa mafua.

#37 Mama Nasra

Msafiri, sie wengine twauliza ya maana: ile pampu ya maji ilikaa?

#38 Msafiri wa Ruwi

Mama Nasra, ndiyo alikuja kuirudisha! Haikuingia. Siku ile mzee aliomba ya Corolla ya mwaka 17, na kumi na saba kwa Kiurdu ni satra. Kijana akasikia sattar, sabini, akamfungia ya Land Cruiser 70. Mzee anaapa alitamka satra wazi kabisa. Kijana anaapa mzee alikuwa na hasira za waqt, akatamka kwa meno yamefungwa.

Bosi kasema kuanzia kesho oda zote ziandikwe kwenye karatasi.

#39 Kipepeo wa Tandale

Kwa herufi zipi?